Ndoo Niliyompelekea Mzee Oloo

Kila mwaka mnanijia hapa nyumbani Uriri na madaftari mapya, ninyi watoto mnaosomea mambo ya samaki, na swali ni lile lile: Mama, ngege alienda wapi? Nami huwajibu kwa kifupi. Nyavu za nailoni zilimvua samaki huyo akiwa bado mdogo, mbuta, samaki mkubwa mla samaki, akala waliobaki, malori ya barafu yakaja kuchukua kila kitu, basi. Mnaandika, mnakunywa chai yangu, mnaenda zenu. Leo nitawaambia sehemu ambayo huwa naiacha, kwa sababu nimezeeka na sitaki kwenda nayo kaburini.

Lakini kwanza niwape kitu cha kazi, msije mkasema bibi alituita kutupigia hadithi tu. Mkiweka kipande cha samaki kwenye spiriti, karatasi ya jina iandikwe kwa penseli. Si kalamu ya wino. Mimi niliandika kwa kalamu, tena kwa mwandiko wa kujivunia, chupa baada ya chupa, na nilipozifikisha kwa Daktari Mwende spiriti yote ilikuwa bluu na karatasi zote nyeupe. Alizishika moja moja mbele ya dirisha, akaniambia, "Mama, nilikutuma mapezi, umeniletea wino." Nikarudi kuvua upya, jua la saa saba, na hakuna aliyenionea huruma. Makasi nayo uyapanguse kwa spiriti kila unapomaliza samaki mmoja, usije ukachanganya damu ya huyu na ya yule. Mnaona ni mambo madogo. Kazi yetu yote ni mambo madogo.

Huyo Daktari Mwende nitamfikia. Lazima nianze na Mzee Oloo, maana bila yeye nisingejua kichwa cha samaki wala mkia.

Mzee Oloo ndiye aliyenipokea idara ya samaki nilipoajiriwa, msichana wa Kisegi mwenye viatu vya kubana. Mnacheka, lakini nilikuwa msichana. Yeye alikuwa mtu wa kupima samaki kwenye bichi, pale mitumbwi inaposhusha, si ofisa, na hakutaka kuwa ofisa. Alikuwa mkali, mchoyo wa sukari, na kwenye ajua, ule mchezo wetu wa mbegu na mashimo, alidanganya mbele ya macho yako kisha akakutukana kwa kutohesabu vizuri. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita nyar Kisegi, binti wa Kisegi, na akikasirika aliniita tu "wewe".

Kila ngege aliyeshushwa na mtumbwi alimpima kwa ubao, akamng'oa magamba mawili matatu nyuma ya pezi la ubavuni, akayatia kwenye bahasha ndogo ya kaki. Juu ya bahasha aliandika tarehe, jina la bichi na urefu. Gamba la samaki lina mistari ya duara, ukilitazama kwa kioo cha kukuzia unajua samaki ameishi misimu mingapi. Alifanya hivyo Kisegi, akafanya Homa Bay na bichi zote za katikati, mwaka baada ya mwaka, na wenzake wakamcheka kwamba anakusanya uchafu. Yeye ndiye aliyeona kwanza, kwa ubao wake, kwamba ngege anazidi kuwa mfupi. Aliandika barua kwa wakubwa. Akaandika nyingine. Sijui kama ziliwahi kufunguliwa.

Zilipofika siku ambazo unaweza kukaa bichi tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kupima ngege hata mmoja, Mzee Oloo aliacha kuandika barua. Alikuwa na bwawa nyumbani kwake, huku Uriri, bwawa lisiloingiwa na mto, maji yake ni ya mvua na ya chemchemi ndogo. Akawaambia wavuvi aliowaamini kwamba akipatikana ngege mzima, asiuawe, aletwe kwake. Alipopata wa kutosha aliomba lori la idara, akawabeba ndani ya mapipa, nami nilikuwa juu ya lori hilo.

Sikilizeni namna ya kubeba samaki hai, maana siku hizi mnawaua njiani halafu mnalaumu joto. Usiwalishe tangu jana yake, wasije wakachafua maji. Pipa usilijaze, nusu maji, nusu nafasi. Funika kwa gunia lililolowa. Halafu mkono wako uingie kwenye maji na ukoroge, ukoroge, usiache, hata lori likitikisika namna gani, hata mkono ukifa ganzi, kwa sababu ukiacha wanakosa pumzi. Tulikoroga tangu Kisegi mpaka hapa, yeye pipa hili, mimi lile, bila kuzungumza. Tulipofika hakuwamwaga. Aliongeza maji ya bwawa kidogo kidogo kwenye pipa mpaka wakazoea, ndipo akalaza pipa ubavu na kuwaacha watoke wenyewe.

"Hawa watarudi ziwani siku moja," aliniambia. "Mimi sitakuwepo. Wewe utakuwepo."

Hilo ndilo lilikuwa tumaini lake lote. Hakuwa na lingine. Mke wake alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, alipostaafu alibaki na bwawa hilo na ajua.

Sasa ndoo.

Mwanzo wa miaka ya tisini mimi nilikuwa nimehamishiwa huku, nimeolewa huku, na kazi yangu ilikuwa kuwagawia wakulima vifaranga vya nyamami. Nyamami mnamjua, ndiye huyo mnayemfuga nyote, ana mistari ya kusimama kwenye mkia, anakua haraka, ananenepa. Kulikuwa na mradi, na mradi ulitaka mabwawa yajae. Mzee Oloo akaanguka akavunjika nyonga, akalazwa hospitali kule Homa Bay, akakaa huko majuma mengi. Mimi nilikuwa nikipita kwake kumtazamia nyumba. Na kila nikipita natazama wale ngege wake, wadogo kama kiganja, kwa sababu bwawa lilikuwa dogo na wao walikuwa wengi. Nikamhurumia Mzee. Mtu akitoka hospitali, mguu umekakamaa, ale nini? Na kwetu huwezi kwenda kumpokea mtu aliyerudi kutoka kitandani huku umebeba mikono tu. Wengine wangepeleka kuku. Mimi nilikuwa mtu wa samaki.

Siku moja nilimaliza kugawa, vifaranga vikabaki ndoo moja. Nikaenda nayo kwa Mzee Oloo, nikaongeza maji ya bwawa kidogo kidogo kama alivyonifundisha, nikawaacha watoke wenyewe. Nilifurahi. Nataka mjue hilo, nilikuwa nikiimba. Nilifikiri nitamwambia wakishakua, siku atakayotupa ndoana atoe samaki wa kujaza sahani.

Kama mnajiuliza mtu aliyefundishwa na Oloo mwenyewe angewezaje kufanya ujinga huo, nami nimejiuliza. Tulijua mbuta anakula ngege. Tulijua nyavu zinamaliza ngege. Hakuna mtu aliyekuwa ametufundisha kule bichi kwamba nyamami na ngege watazaana. Kwetu samaki wa aina mbili walikuwa wa aina mbili, basi.

Alirudi na mkongojo. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda ukingoni mwa bwawa, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Nyar Kisegi, huko wadi kulikuwa na mtu wa kutoka kila mahali, na kila mmoja anasema kwao ni nyamami tu. Hapa ndipo ngege yuko peke yake." Nikamuuliza habari za nyonga.

Kesho yake ningeweza kumwambia. Hata juma lililofuata bado ningeweza. Vifaranga walikuwa bado wadogo, ungeweza kukausha bwawa, ukawachambua mmoja mmoja kwa mkia. Sikusema. Mwaka ukaisha, ukaisha mwingine, na kila nilipopita yeye ananionyesha samaki wake kwa furaha, nami naangalia mikia.

Daktari Mwende alikuja wakati gugumaji lilikuwa limefunga ghuba ya Homa Bay, mitumbwi imekwama, watu wanakohoa na kuhara, bei ya samaki haishikiki. Alikuwa Mkamba mfupi, mwenye sauti ya mwalimu, na alivaa gambuti hata pakiwa pakavu. Ofisi iliniambia nimsaidie. Alikuwa akitafuta ngege popote alipobaki, akate kipande kidogo cha pezi la mkia, akipeleke kwenye maabara wakasome vinasaba, yaani ile habari ya ukoo ambayo kila kiumbe anaibeba mwilini tangu kwa mama yake na baba yake. Tulizunguka naye kwa pikipiki ya ofisi, mimi naendesha, yeye nyuma na sanduku la chupa. Tulifika hadi Ogwedhi, kwenye bwawa wanalonyweshea ng'ombe siku ya mnada, hatukupata kitu ila vyura. Tukirudi, askari wawili wakatusimamisha, wakafungua sanduku, wakanusa.

"Mama," mmoja akaniambia, "hii chang'aa yenu inauzwa na nyama yake ndani?"

Ilinichukua nusu saa kueleza. Daktari alikataa kucheka mpaka tulipofika Uriri, ndipo akacheka hadi akakaa chini.

Nikampeleka kwa Mzee Oloo. Ningewezaje kutompeleka? Kila mtu wa idara angemtajia bwawa hilo. Yule mzee alimpokea kwa Kiswahili chake cha bichi, akamtilia hata sukari kwenye chai, vijiko viwili, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona. Akamuuliza hiyo kazi ya vinasaba aliijulia wapi.

"Kwa nyangumi," Daktari akasema. "Ng'ambo nilikosomea tulikuwa tunasoma nyangumi."

"Hiyo nyangumi ni kubwa namna gani?"

Daktari akatazama huku na huku. "Toka mlangoni kwako hadi kwenye choo. Wengine wanazidi."

Mzee Oloo akapima kwa macho, akatikisa kichwa.

Daktari akatueleza. Nyangumi waliwindwa na meli za biashara, mizinga ikiwarushia vyuma, mafuta yao yakachemshwa kwa taa, kwa sabuni, kwa siagi ya mkate. Waliwindwa mpaka kumpata mmoja ikawa kazi. Ndipo nchi nyingi zikakubaliana waachwe, na katika bahari nyingine sasa wameanza kuongezeka.

"Basi shida iko wapi?" Mzee akauliza. "Kama inaongezeka, wacha iongezeke."

"Wanaongezeka, Mzee, lakini ni wajukuu wa wale wachache waliosalia. Kule kwenye barafu, walikokuwa wakiwachemsha, mifupa ya zamani bado imelala ufukweni. Tunaisaga kidogo tunaisoma. Tunakuta koo za akina mama ambazo kwa walio hai leo hazipo tena. Ukiwahesabu unaona ni wengi. Ukiwasoma ndani unaona wanafanana mno."

Mzee Oloo akanywa chai yake. "Hiyo ni kama kijiji yote itoke kwa nyanya moja," akasema. "Vijana itaoa nani?"

"Ndiyo hiyo. Na ugonjwa ukija, ukimweza mmoja umewaweza wote."

"Na walimaliza mnyama kama hiyo sababu ya sabuni."

Kisha yule mzee akashika mkongojo wake, akaingia ndani, tukasikia anaburuta kitu. Akaniita nikamsaidie. Lilikuwa sanduku la mbao la majani chai, na ndani yake zimo bahasha zake zote za kaki, zimefungwa kwa kamba bichi kwa bichi. Ofisi ilipokuwa ikisafisha stoo ili mkubwa fulani aje kukagua, walitaka kuzichoma, yeye akazibeba kwa baiskeli. Daktari alifungua moja, akamimina magamba kwenye kiganja chake.

"Mzee," akasema, "hii ndiyo mifupa yangu ya nyangumi. Hawa ni ngege wa kabla. Na bwawa lako ni ngege wa sasa. Kama bwawa lako ni safi, hii inaweza kuwa mbegu ya kurudisha ziwani."

Nilikuwa nimesimama pale, watoto wangu, nimeshika kamba za bahasha. Ilikuwa mchana, watu watatu tu, hakuna aliyekuwa akinitisha. Ningesema, Daktari, nilimwaga ndoo ya nyamami humu ndani. Maneno machache. Angenikaripia, na Mzee angenitukana, halafu kazi ingefanyika vizuri, kwa sababu Daktari angejua anachotafuta. Angesema kila samaki tunayemkata pezi awekwe peke yake kwenye wavu ndani ya bwawa, na namba yake, mpaka majibu yaje. Hivyo ndivyo inavyofanywa mahali penye wasiwasi wa mchanganyiko. Lakini hakuwa na wasiwasi, maana waliokuwa naye ni Oloo na mwanafunzi wa Oloo.

Tulivua siku mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoa samaki kwenye wavu na kumpa yeye akate pezi. Na mimi ndiye niliyekuwa nikichagua. Mwenye mistari kwenye mkia nilimrudisha chini ya maji kabla hajaonekana. Mwenye mistari hafifu, vilevile. Nilimpa Daktari wale wenye mkia safi tu, weusi, mdomo mdogo, ngege kabisa kwa kutazama. Nilijiambia kwamba wenye mkia safi huenda ni safi kweli. Yule mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, akiandika namba kwa penseli, mwandiko wake uleule. Aliwarudisha bwawani mwenyewe baada ya kukatwa, mmoja mmoja, wote pamoja na wengine.

Daktari akaenda na chupa zake na nusu ya bahasha. Tukangoja. Kila nilipopita Mzee ananiuliza, "Posta?" nami nasema bado. Alikuwa amedhoofika. Alikuwa ameanza kusema mambo ya kugawa shamba, lakini bwawa alisema lisigawanywe.

Barua ilifika posta ya Migori baada ya mvua ndefu kwisha. Ilikuwa ya Kiingereza, niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikarudia tena. Daktari aliandika kwamba amepima nusu ya mapezi, na yote aliyopima yana damu ya nyamami, mengine nyingi, mengine kidogo. Aliandika kwamba dawa za mashine zimekwisha, akipata nyingine atapima yaliyobaki. Aliandika pole nyingi kwa Mzee.

Nikampelekea. Yeye Kiingereza hakukijua, aliniambia nimsomee kwa Dholuo. Nikamsomea ile habari ya damu ya nyamami. Ile ya nusu sikuisoma. Sitawadanganya kwamba nilisahau. Kichwani mwangu niliona ile ndoo, niliona wale vifaranga wanatoka, na nikajua moyoni kwamba wote wamekwisha. Nusu iliyobaki ilikuwa ya nini? Ya kumtesa tu.

"Wote?" akaniuliza.

"Wote, Mzee."

Alitazama maji. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwawa hili halina mto. Nyamami aliingiaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hospitali, vifaranga vilivyobaki, siku aliyorudi. Nilikuwa nimepiga magoti, sijui nilipiga saa ngapi.

"Ndoo ngapi?"

"Moja."

"Vifaranga wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilikufundisha kuhesabu," akasema.

Ningependa angenipiga na mkongojo. Alisimama, akaenda kwenye boma la mbuzi, akarudi na jembe, akanipa. Akasema mvua ikija bwawa likifurika samaki wanatoka mtaroni, mtaro unaingia mto Kuja, na Kuja inaingia ziwani. Hataki mtu yeyote, leo wala kesho, amshike samaki wa uongo aseme huyu ni ngege wa Oloo. "Fungua ukingo," akasema. Nikatega wavu mtaroni samaki wasipite, nikafungua. Nilichimba mimi, mpaka maji yakaanza kutoka yenyewe.

Majirani walikuja na beseni na makarai. Hakuna aliyeitwa, ila samaki wakiruka kwenye tope habari inafika. Mwanamke mmoja aliinua samaki mweusi mwenye mkia safi, akasema, "Mzee, hii si nyamami, hii ni ngege kabisa, tangu nikiwa mtoto sijaiona." Mzee Oloo akamwambia, "Beba." Wengine mikia yao ilikuwa bado na pengo la makasi. Mimi alinipimia wangu mwenyewe, akachagua wakubwa, akanifungia kwa jani la mgomba. Sikuweza kukataa. Nilienda nao nyumbani, na nyumbani kulikuwa na watoto.

Jambo la pili mnaloweza kuandika, kama mmeshatoa kalamu, ni hili: ukipewa nusu, sema nusu. Usiimalizie wewe. Mtu mwenye hatia ni msomaji mbaya sana wa majibu, anaona kile anachokiogopa hata pale ambapo hakijaandikwa. Na mkimwaga kitu mahali, hata kwa mapenzi, semeni siku hiyo hiyo. Siku hizi mnaagiza vifaranga kwa simu, vinakuja kwenye mifuko ya plastiki, hamjui vimetoka kwa mama gani, mnavimwaga. Nawaona. Mkiniuliza kwa nini huwa nakasirika, ni kwa sababu hiyo.

Barua ya pili ilikuja wiki ya tatu baada ya kukausha bwawa. Daktari alikuwa amepata dawa mapema kuliko alivyofikiri. Bahasha ilikuwa nene, nikaogopa kuifungulia posta. Nilienda nayo hadi kwa Mzee Oloo ikiwa imefungwa, nimeamua kwamba safari hii nitasoma kila neno mbele yake, liwe baya liwe zuri.

Nilimkuta ndani ya bwawa. Tope lilikuwa bado na unyevu, na yeye, na nyonga yake ile, alikuwa ameanza kupanda nduma. Nikasimama ukingoni, karibu na pale nilipochimba, nikafungua.

Katika mapezi yaliyobaki, aliandika, wanne hawana damu ya nyamami hata kidogo. Ni ngege. Na mmoja kati yao ana ukoo wa mama ambao Daktari aliuona kwenye magamba ya zamani ya Kisegi, kwenye bahasha za Mzee, lakini kwa samaki walio hai hakuupata popote pengine alipotafuta. Tafadhali, aliandika, na chini ya neno hilo alikuwa amepiga mstari, samaki yeyote mwenye pengo kwenye mkia asiguswe. Watengeni kwenye wavu humo humo bwawani. Nakuja.

Nilisoma yote kwa Dholuo, polepole. Nikamwambia pia kwamba barua ya kwanza ilisema nusu.

"Wewe ulisema wote," akasema.

"Nilisema wote."

Alipangusa mikono kwenye suruali. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Wale niliokupa ulifanyaje?"

"Niliwakaanga, Mzee."

"Walikuwa na pengo?"

"Wawili walikuwa nalo."

Akainama, akachukua mche mwingine wa nduma kwenye kikapu. Alikuwa amenipa mgongo aliponiuliza kama walikuwa watamu. Nikamwambia ndiyo, walikuwa watamu sana, watoto waligombania vichwa.